Kifaa cha Kushika Mwendo na Mguu wa Padre



Juma lililopita wengi wenu mlituuliza, baadhi kwa upole na baadhi kwa kicheko, kwa nini gari letu lilikaa siku tatu chini ya mkorosho kwa fundi umeme wa magari hapa Rahaleo. Wengine walidhani limekufa moja kwa moja. Wengine walisikia kwamba Paroko anatafuta namna ya kulifanya likimbie zaidi. La hasha. Ukweli ni kinyume chake, na kwa kuwa ukweli huo unatuaibisha kidogo, tumeona ni vema tuuandike wenyewe kabla haujaandikwa na midomo ya sokoni.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni Toyota Celica ya mwaka 1996, yenye milango miwili na taa nne za mviringo mbele. Ni urithi wa marehemu kaka yetu, aliyefariki kwa maradhi na kutuachia gari ambalo padre wa kawaida asingelinunua. Kwa kuwa tumbo lake liko chini mno, haliwezi kufika kigangoni hata kimoja. Huko twaenda kwa pikipiki. Hilo gari ni la lami tu, na lami yetu sisi ni ile ya kwenda Ndanda, takriban kilomita 160 kutoka hapa, anakoishi mama yetu mzazi ambaye sasa ni mzee na afya yake si nzuri.

Kila Jumapili ya pili ya mwezi tulikuwa na desturi hii: kumaliza Misa ya pili, kupitia Mikindani na Mnazi Mmoja, kula na mama, kuagana naye saa nane, na kurudi kuwahi kikao cha halmashauri ya parokia saa kumi jioni. Tulijisifu kwamba hatujawahi kuchelewa.

Jumapili moja tukiwa njiani kurudi, katika kijiji kimoja upande wa Mtama, mtoto wa miaka sita au saba alitoka mbio nyuma ya kibanda akifukuza tairi alilokuwa akilichezea. Tulikanyaga breki kwa nguvu zetu zote. Gari liliyumba, likasimama. Tairi lilikuwa limeingia chini ya bampa. Mtoto alikuwa amesimama hatua mbili mbele yetu, mikono kichwani, hana hata mkwaruzo. Tulipotazama nyuma tuliona kibao cha kilomita 50. Tulipokiona kibao hicho mara ya kwanza, mshale wa spidomita ulikuwa umepita 80, nasi tuliuona na hatukufanya lolote.

Akina mama waliokuwa chini ya mwembe walinyamaza. Mzee mmoja alikuja taratibu, akatazama kola yetu, akasema maneno matatu tu: "Padre, hata wewe?" Hakutukana wala hakudai chochote. Alilivuta lile tairi kutoka chini ya gari, akampa mtoto, akaondoka.

Ndugu zangu, mwaka huu tumewazika vijana watatu wa bodaboda katika parokia hii, na katika kila mazishi tulisimama mbele yenu tukawaonya juu ya mwendo kasi. Maneno ya yule mzee yalitufuata hadi kitandani.

Kwa siku kadhaa tulitafuta dawa, na kama ilivyo desturi ya watu wa zama zetu, tuliitafuta dukani. Mpwa wetu aliyekuwa Dubai alituletea kifaa ambacho madereva hukiita kruzi, yaani kifaa cha kushika mwendo: dereva anachagua mwendo, anabonyeza kitufe, na gari linabaki katika mwendo huo bila mguu kukanyaga mafuta. Aliyekibuni ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepofuka tangu utotoni, aliyepewa hataza yake mwaka 1950. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye akiendesha alipunguza mwendo kila alipozungumza na kuongeza kila aliposikiliza. Kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Yafaa tukumbuke kwamba aliyeutambua ubovu wa uendeshaji wetu ni mtu asiyeona barabara. Aliusikia mwilini mwake tu, kama abiria.

Fundi wetu ni mzee wa Kiislamu, mpole na mwenye subira. Tulimpa shikamoo, tukamkabidhi boksi. Katika gari la zamani kama letu, pedali ya mafuta huvuta waya wa chuma unaofungua mlango wa hewa wa injini. Kifaa kina mota ndogo yenye waya wake, nao hufungwa sambamba na ule wa pedali. Fundi alihakikisha waya huo una ulegevu kidogo, kwa sababu ukikazwa mno, mlango wa hewa hautafunga na injini itanguruma hata mguu ukiwa umeondolewa. Kisha kuna waya wa kupokea habari za mwendo, waya wa klachi, na ulio muhimu kuliko wote, waya wa swichi ya breki, ili ukigusa breki kifaa kiachie mara moja.

Hapo ndipo siku mbili zilipopotea. Kila kitu kilifungwa sawasawa, lakini kifaa kilikataa kushika. Siku ya tatu fundi alizunguka nyuma ya gari, akatazama taa za breki, akacheka. Kaka yetu alikuwa ameondoa balbu za kawaida akaweka za LED, za kupendeza. Kifaa hiki hupima waya wa breki kupitia uzi wa balbu ya kawaida. Uzi huo ukikosekana, au balbu ikiungua, kifaa hukosa uhakika kwamba breki itasikika, nacho hukataa kufanya kazi. "Padre," alisema fundi, "hiki kina akili. Kisipojua kama kitaweza kuacha, hakianzi." Tulizirudisha balbu za zamani, zile za mwanga hafifu. Zile za kaka tumezihifadhi katika droo.

Sasa tuwaambieni tulichogundua tulipotoka kukijaribu. Tulikuwa tumenunua kitu tusichokihitaji. Sisi tulitaka kitu cha kutuzuia, na kruzi haizuii. Spidi gavana ndiyo inayozuia, ile ambayo jirani zetu wa Kenya waliilazimisha katika matatu mwaka 2004, wakati wa Waziri John Michuki, isipite kilomita 80 kwa saa. Spidi gavana humkatalia dereva. Kruzi humtii. Ukiiambia 80 itashika 80, na kibao cha 50 kikitokea haitakisoma. Itampita mtoto na tairi lake kwa mwendo uleule, kwa utulivu kuliko sisi. Aidha, mguu ukipumzika na akili hupumzika. Kwenye mvua haifai kabisa, wala penye mashimo au malori ya korosho.

Tulirudi nyumbani tumenywea. Usiku ule tulichukua karatasi tukafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la tano angeifanya. Kutoka Ndanda saa nane na kufika Rahaleo saa kumi ni kilomita 160 kwa saa mbili, yaani wastani wa 80 bila kupunguza hata mahali pamoja, katika barabara iliyojaa vijiji. Maana yake, kila tulipomuaga mama saa nane tulikuwa tumekwisha kuamua kuvunja sheria kabla ya kuwasha gari. Kosa halikuwa mguuni. Lilikuwa katika ratiba tuliyoipanga wenyewe na kujisifu kwayo, na hakuna fundi awezaye kufunga kifaa katika ratiba.

Basi, wapendwa, tuna mambo mawili ya kuwatangazia. Kwanza, halmashauri ya parokia imekubali kwamba kikao cha Jumapili ya pili sasa kitafanyika Jumatatu jioni. Tunawashukuru wajumbe, na tunawaomba radhi wale ambao siku hiyo inawasumbua. Pili, kifaa hatukukiondoa. Tunakitumia penye lami nzuri na watu wachache, na kila tunapoona kibao tunagusa breki, kinaachia, nasi tunaushika mwendo kwa mguu wetu hadi kijiji kiishe.

Juma hili tulisimama katika kile kijiji. Tulimkuta yule mzee chini ya mwembe, tukampa shikamoo, tukaomba msamaha mbele ya watu. Alituuliza kama tumeshakula. Mtoto alikuja kutazama gari, na kwa muda mrefu alitazama magurudumu tu.

Tunawaombeni nanyi mfanye hesabu zenu, hasa ninyi wenye kuendesha na wenye kuwangoja wanaoendesha. Mkimwambia mtu awahi, mjue mnamwambia apite wapi na kwa mwendo gani.

Mungu awabariki. Jumapili njema.