Miaka mitatu chini ya mlima: Njia ndefu ya kuasili mtoto Moshi

Mgeni anayeshuka kwenye basi Moshi kwa mara ya kwanza huinua macho kuutafuta Mlima Kilimanjaro. Mara nyingi hauoni, kwa sababu wingu limeufunika. Wenyeji humwambia asubiri jioni, au aamke alfajiri.

Mji huu hufundisha subira, na wanandoa wa kigeni wenye nia ya kuasili mtoto huihitaji kuliko wapanda mlima. Wapo wanaokuja kutibu wagonjwa katika Hospitali ya KCMC, wapo wanaofundisha na wapo walioajiriwa na mashirika. Siku moja wanatembelea makao ya watoto, mtoto mmoja anawashika mkono, na wakirudi nyumbani hawalali. Wanaanza kuuliza: je, anaweza kuwa wetu?

Jibu la sheria ni ndiyo, lakini si kesho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 74, inamtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala nchi nyingine yoyote. Awe na mapendekezo ya maofisa ustawi wa hapa na wa nchi anakotoka, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Maombi yenyewe hupelekwa Mahakama Kuu.

Mtu mwenye haraka ataona huo ni urasimu. Lakini tazama kila hatua inamlinda nani.

Anza na makao ya watoto. Moshi ni mji wa watalii, na wageni wengi hupenda kupitia huko wakiwa na pipi na kamera, kisha wanaondoka. Mtoto anayemrukia kila mgeni na kumwita mama huonekana mchangamfu. Wataalamu wa makuzi ya watoto humtazama kwa jicho jingine: huenda hajapata mtu mmoja wa kumwegemea, hivyo kila mtu kwake ni sawa. Upendo unaozaliwa katika ziara ya saa mbili ni wa kweli kwa mgeni. Kwa mtoto ni mgeni mwingine tu, mpaka arudi kesho, na kesho kutwa.

Ndiyo maana miezi mitatu ya malezi ya kambo ina uzito. Ndani ya miezi hiyo mtoto huonyesha yale ambayo makao hayakuyaonyesha. Anaweza kuficha mkate chini ya mto. Anaweza kulia usiku bila kutaka kubebwa, au kukataa kumwacha mlezi aende hata msalani. Hizo si tabia mbaya, ni hofu ya kuachwa tena. Mzazi anayezijua mapema hatazishangaa atakapokuwa mbali, katika nchi ambayo hakuna anayemsalimia mtoto kwa Kiswahili.

Afya nayo inahitaji muda. Kadi ya kliniki ndiyo ya kuombwa kwanza, maana inaonyesha uzito na chanjo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kuonyesha kingamwili alizopewa na mama hata kama yeye hana maambukizi, hivyo kinahitajika kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Selimundu pia ipimwe. Majibu hayatafutwi ili kumkataa mtoto. Yanatafutwa ili anayemchukua ajue dawa na lishe anayohitaji.

Baada ya hapo wanandoa wanapaswa kupanda juu.

Kutoka mjini, barabara zinapanda kwenda Kibosho, Machame, Old Moshi na Marangu. Joto linabaki chini na kijani kinaongezeka. Hapo ndipo kilipo kihamba: migomba, kahawa chini ya kivuli chake, ng'ombe zizini, na maji ya mfongo uliochimbwa na mababu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani.

Kwa Mchagga kihamba si shamba tu. Ndani yake kuna makaburi ya babu na bibi, na masale hupandwa kuonyesha mpaka. Kwa mila, ardhi hiyo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Desemba inapofika, watoto wa ukoo wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi, anachinjwa mbuzi, na vijana hukumbushwa nani ni nani.

Swali la hapa si umri wa mtoto wala darasa analosoma. Swali ni: huyu ni wa nani?

Mtoto aliyeko makao anaweza kuwa na jibu. Si kila mtoto anayelelewa huko amefiwa na wazazi wote. Wengine wana baba mgonjwa, mama asiye na kipato, shangazi mjane au bibi aliyechoka. Ndiyo maana ofisa ustawi hutafuta ndugu kabla ya kutafuta wazazi wapya. Shangazi wa Marangu akisaidiwa maziwa na ada, pengine mtoto hahitaji kuvuka bahari.

Jambo hili linahitaji uangalifu kwa sababu amri ya mahakama ni nzito. Inakata haki na wajibu wa wazazi waliomzaa. Kisheria mtoto anakuwa wa wale waliomwasili, kana kwamba amezaliwa ndani ya ndoa yao. Anapata jina, ulinzi na urithi upande huo. Upande wa mlimani, nafasi yake mezani Desemba na sehemu yake ya kihamba zinaweza kupotea. Ndugu anayetia saini ya ridhaa lazima aelezwe hivyo kwa lugha anayoielewa, na asipewe fedha, kwa kuwa ridhaa iliyonunuliwa si ridhaa.

Majirani wamejifunza kwa maumivu. Kenya ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni Novemba 2014. Ethiopia, iliyokuwa imepeleka maelfu ya watoto ng'ambo, ilipiga marufuku mwaka 2018. Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2016, baada ya wageni kuwa wakiwachukua watoto kwa amri za ulezi tu.

Hata hivyo, wapo watoto ambao ndugu wametafutwa na hawakupatikana, au wamepatikana na hawawezi. Mtoto huyo hastahili kukua makao hadi afike miaka 18. Anastahili nyumba. Wazazi Watanzania wenye uwezo wajue kwamba mlango uko wazi kwao pia, tena bila sharti la miaka mitatu. Pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Kwa wanandoa wa ng'ambo wanaosubiri, miaka mitatu ina kazi ya kutosha. Wajifunze Kiswahili cha kumbembeleza mtoto, si cha kununua nyanya sokoni Mbuyuni tu. Wajue kupika mtori. Wapige picha ya nyumba alikozaliwa, ikiwa inajulikana, na waandike majina ya waliomlea. Waulize mapema ubalozi wao kuhusu uraia na safari, kwa sababu amri ya mahakama ya Tanzania pekee haimpi mtoto pasi ya nchi nyingine.

Siku moja, akiwa na miaka 10 au 15, mtoto atauliza ametoka wapi na kwa nini hakubaki. Swali hilo halitajibiwa na hakimu wala ofisa. Litajibiwa na mama na baba waliokaa chini ya mlima muda wa kutosha kumtajia kijiji, ukoo na jina la bibi aliyembeba mgongoni, na kumwambia kwa ukweli kwamba alitafutiwa kwake kwanza.