Huzuni ya Mama na Afya ya Mtoto

Watu wamezoea kuyapima maradhi kwa macho na kwa mikono. Homa hujulikana kwa joto la mwili, surua kwa vipele, na kuhara kwa nguo zianikwazo kutwa kucha. Walakini yako maradhi yasiyo joto wala vipele, ambayo hukaa katika moyo wa mtu mmoja na alama zake zikaonekana katika mwili wa mtu mwingine. Maradhi hayo ni sonona ya mama mjamzito au mama aliyejifungua, na mwili unaoyatangaza aghalabu ni wa mtoto wake. Nayaandikia vijana wa shule habari hii kwa sababu wengi wao wana ndugu wachanga nyumbani, na kwa sababu baada ya miaka si mingi wengi wao wataitwa baba na mama.

Neno sonona ni ndugu wa kusononeka, lakini halina maana ya huzuni ya siku moja. Wanawake wengi hulia bila sababu katika siku ya tatu, ya nne au ya tano baada ya kujifungua, na kilio hicho huondoka chenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Hilo si ugonjwa. Wachache sana, mmoja au wawili katika kila 1,000, hupatwa na wazimu wa uzazi, wakasikia yasiyosemwa na kuona yasiyokuwapo. Hao yapasa wafikishwe hospitali siku ile ile. Sonona imekaa kati ya hali hizi mbili. Hudumu kwa wiki na miezi. Mama haoni raha katika lolote, usingizi humkimbia hata mtoto alalapo, chakula hakimpendezi, na hujihesabu kuwa hafai. Pengine hufikiri kuwa ingekuwa heri asiwepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zenye uhaba hesabu huzidi hapo.

Ni dhuluma kuyaita maradhi haya uvivu au upungufu wa mapenzi. Sababu zake zajulikana: umaskini, upweke, ugomvi na mapigo ya nyumbani, msiba, mimba isiyotarajiwa, na sonona iliyowahi kumpata mtu zamani. Mama mwenye sonona aweza kumpenda mwanawe kuliko roho yake, akakosa tu nguvu ya kuyatenda mapenzi hayo.

Hapa ndipo afya ya mtoto inapoingia. Mtoto mchanga hana mkono wake mwenyewe. Mkono wake ni wa mama. Kunyonyeshwa mara nyingi usiku na mchana, kikombe kuoshwa, maji kuchemshwa, kupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena surua miezi 9, yote ni kazi ndogo ndogo zisizokwisha. Kila moja yahitaji mtu aamke, akumbuke, aondoke. Moyo uliolemewa huziacha moja baada ya moja, bila kukusudia. Maziwa ya kifuani huachwa mapema, na badala yake hutiwa chupa isiyochemshwa. Dalili za homa huonwa zikiwa zimechelewa. Mtoto akiugua, mama hujilaumu, na lawama ile huongeza sonona. Basi maradhi mawili yakawa yanalishana katika nyumba moja.

Jambo hili limechunguzwa. Katika vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistan, daktari Atif Rahman na wenzake waliwafuata kina mama 320 tangu miezi ya mwisho ya mimba: 160 wenye sonona na 160 wasiokuwa nayo. Watoto wao walipimwa uzito na kimo kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kuwa watoto wa mama wenye sonona walidumaa na kupungukiwa uzito zaidi, na waliharisha mara nyingi zaidi. Mtu aweza kuuliza kama si umaskini uliowadhuru mama na mtoto kwa pamoja. Swali hilo ni la haki, na wachunguzi walijiuliza wenyewe. Walipouweka umaskini katika hesabu, pamoja na uzito wa mtoto alipozaliwa, bado sonona ilikuwa na fungu lake.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona haya kabla ya kuyasoma. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, baada ya kutoka chuo cha ualimu, dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kike mwenye kilo 3.1. Mumewe alikuwa akifanya kazi mbali, na dada aliishi na mavyaa wake. Mtoto alipotimiza miezi minne alikuwa na kilo 4.8 tu; mstari wake katika kijitabu cha kliniki ulilala badala ya kupanda. Majirani walisema ni kijicho. Mavyaa alisema maziwa ya dada ni mepesi. Dada hakusema neno. Alikaa mlangoni kutwa nzima na kanga yake moja, mtoto akilia mgongoni, naye akitazama njia kama mtu anayemngoja mgeni asiyemjua.

Tulikwenda zahanati sote watatu. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alimpima mtoto, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mwanangu," akamwambia dada, "mtoto nimemwona. Na wewe je, u hali gani?"

"Mimi mzima, mama. Shida ni mtoto tu."

"Usiku akilala, nawe unalala?"

Dada alinyamaza, kisha akalia kilio ambacho hatukupata kukisikia kwake tangu utoto wetu. Muuguzi hakumkataza. Baadaye alimgeukia mavyaa, akamweleza kwa heshima kuwa huu ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba, na kwamba mtoto hatapona peke yake. Dada alipelekwa hospitali ya wilaya, akapewa dawa, na kila wiki akawa na mtu wa kuzungumza naye. Mavyaa alichukua kazi ya maji na kuni. Shemeji aliomba ruhusa, akarudi kwa mwezi mmoja. Haikuwa miujiza; ziko wiki alizorudi nyuma. Lakini mtoto alipotimiza miezi tisa alikuwa na kilo 7, na dada alikwenda mwenyewe kumchanja surua.

Isidhaniwe kuwa maradhi haya ni mageni Afrika. Waganda wana jina la kale, amakiro, kwa ugonjwa mkali unaompata mama baada ya kuzaa, ijapokuwa wengi waliuhusisha na uasherati wa wazazi wakati wa mimba, na hivyo wakamwongezea mgonjwa aibu. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda na kuichunguza sonona ya kina mama huko. Aliporudi Uingereza akaendelea na kazi hiyo katika Uskoti, na mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa maswali 10 mepesi ya kumwuliza mama aliyejifungua. Maswali hayo, yanayoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, leo yanatumika katika nchi nyingi.

Wazee wetu nao hawakuwa wajinga wa jambo hili. Katika pwani yetu mzazi hukaa arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hupokewa na mikono ya shangazi, bibi na somo. Faida ya desturi hii si uji peke yake. Ni kuwa mzazi haachwi pweke. Siku hizi wengi wanajifungulia mijini, katika chumba kimoja cha kupanga, ambako jirani hajui hata jina la mwenziwe. Tumeupata mji, tukaipoteza mikono.

Mikono hiyo yaweza kurudishwa. Huko huko Rawalpindi, wanawake wa kijijini wasio madaktari, waliozoea kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa kazi za afya, walifundishwa kuzungumza na kina mama wenye sonona na kuwasaidia kuzigeuza fikira za kukata tamaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, 23 tu katika kila 100 walikuwa bado na sonona, hali katika kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Uzito na kimo cha watoto havikutofautiana sana, na ni vema kusema kweli. Lakini watoto wa kundi la kwanza waliharisha kwa uchache na wengi zaidi walimaliza chanjo. Kenya nayo, tangu mwaka 2023, ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembelea nyumba. Kila mlango wanaoubisha ni nafasi ya kumwuliza mama lile swali la muuguzi wetu.

Sasa kijana wa shule atafanya nini? Yeye si daktari, wala hatakiwi kuwa daktari. Lakini aweza kuchota maji kabla ya kuombwa, na kumpakata mtoto ili mama alale saa moja. Aweza kukataa kucheka mtu asemapo kuwa mama fulani ni mvivu au amepagawa. Aonapo huzuni ya mama imepita wiki mbili, na amwambie mtu mzima anayemwamini, au mhudumu wa afya. Na mama akisema habari ya kufa au ya kumdhuru mtoto, asingoje hata usiku mmoja. Wavulana wasidhani maneno haya ni ya wasichana. Baba aliye karibu ni dawa, na baba hujifunza kuwa karibu tangu akiwa kaka.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Walikuwa wakimsemea mtoto, lakini walimsemea na mama pia, kwa kuwa mkono ule mmoja ulioachiwa mzigo wote ni wake. Nyumba inayotaka mtoto mwenye mwili mzima haina budi kuutazama moyo wa yule anayembeba.