Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wazee walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Sisi watu wa Goma twaikumbuka methali hiyo kila tusikiapo kwamba wakubwa wa mataifa wameketi New York au Geneva kuijadili Kivu. Je, huko nani atamsemea mama aliyekimbia vita, akalala chini ya turubai kule Kanyaruchinya?

Baba Mtakatifu Fransisko alikusudia kufika Goma mwaka 2022; maumivu ya goti yakamzuia. Alipokuja Kongo mwaka 2023, vita vilikuwa vimekaribia mji wetu, asiweze kufika. Basi Goma ikamwendea. Tarehe 1 Februari, katika Ubalozi wa Papa mjini Kinshasa, watu walioteswa huku mashariki walisimama mbele yake wakaeleza yaliyowapata. Mmoja wao aliweka chini ya msalaba panga linalofanana na lile lililomwua baba yake. Hawakuwa mawaziri wala mabalozi, lakini dunia iliwasikia.

M23 ilipoiingia Goma Januari 2025, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikutana Geneva tarehe 7 Februari, likaamuru uchunguzi. Wajumbe wa maaskofu wetu na wa Waprotestanti walikuja Goma wenyewe kuzungumza na walioushika mji. Tarehe 21, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la 2773, likiitaka Rwanda iondoe majeshi yake.

Wengine husema, "Karatasi haizuii risasi." Ni kweli. Lakini hakimu hawezi kuhukumu pasipo shahidi. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa juu ya matukio 617 ya ukatili yaliyotendeka Kongo tangu 1993 hata 2003. Mashahidi zaidi ya 1,280 walihojiwa. Wauaji wengi hawajahukumiwa bado, lakini hawawezi tena kusema kwamba hapakutendeka neno.

Basi, ndugu wasomaji, mashirika ya raia yapelekayo sauti yetu mbali hayawezi kupeleka tusichowapa. Tuyaandike tuliyoyaona: siku, mahali, hesabu ya wafu. Waliokufa wakiwa saba, tusiseme sabini. Maana mwenye hatia akigundua uongo mmoja, ataukana na ukweli wote. Tena tusilitaje hadharani jina la mjane asiyetaka kutajwa, asije akaangamia. Amri ya nane yatukataza uongo, na upendo watufundisha kumlinda jirani. Ushuhuda wataka yote mawili.