Maji Yaliyofichika

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kila nishukapo kutoka Kangemi kwenda katikati ya mji, hupita karibu na Chiromo, ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha sayansi kando ya mto. Njia hiyo imenizoeza kuwaza juu ya maji. Si yale ya mtoni, bali yale machache yaliyojificha ndani ya vitu tuvidhaniavyo kuwa vikavu.

Protini ni mfano wa uzi mrefu uliokunjwa. Kazi yake hutegemea mkunjo wake, kama ufunguo utegemeavyo meno yake. Na maji ni miongoni mwa vitu viushikavyo mkunjo huo. Ute wa yai una protini iitwayo lisozimu, iuayo bakteria. Ikikauka kabisa hulala. Huanza kuamka kila gramu yake moja ipatapo kama gramu 0.2 za maji, kiasi kisichotosha hata kuifunika.

Utauliza, nani aliyeliona umbo dogo hivyo? Nuru ndiyo shahidi. Wataalamu wa spektroskopia huipitishia protini miali isiyoonekana kwa macho, iliyo nje ya wekundu wa upinde wa mvua. Sehemu iliyosokotwa hunywa miali yenye mawimbi kama 1650 katika sentimita moja. Sehemu iliyolala bapa hunywa karibu na 1630. Protini nyingi zikikaushwa ovyo, alama ya msokoto hupungua na ya bapa huzidi. Maji nayo hunywa miali papo hapo, yakaficha ushahidi. Ndiyo sababu wataalamu hutumia mara nyingi maji mazito badala yake.

Elimu hii ina uzito wa uhai. Katika zahanati za Kangemi na Kawangware, chanjo ya surua huja ikiwa unga. Iligandishwa, kisha barafu yake ikatolewa kwa mvuke, na sukari ikashika mahali pa maji ili virusi vilivyodhoofishwa visipoteze umbo. Muuguzi akiisha kuitia maji yake maalumu, haipasi kutumika baada ya saa 6. Nimewasikia wazazi wakinung'unika waonapo masalio yakitupwa. Lakini maji yaliyoiamsha dawa ndiyo yaifunguliayo mlango wa kuharibika.

Ukavu uliopimwa vyema umekwisha kuwaokoa watu. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa Uingereza alitengeneza chanjo kavu ya ndui iliyostahimili joto, ikafika vijiji visivyo na barafu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, Oktoba 1977.

Basi, msomaji, mwanao akiitwa kuchanjwa katika mwezi wa 9 na wa 18, mpeleke siku ile ile. Unga ule umehifadhiwa kwa ajili yake, nao ukishatiwa maji haungoji.