Ajenda Iliyo Chini ya Mengineyo

Aliyewahi kungoja katika stesheni ya Makambako anaijua hali hii. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, huenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo ni ya njia moja. Treni mbili zikikabiliana, sharti moja isimame stesheni ili nyingine ipite. Kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Njombe, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alitueleza kwamba ndani ya mashine iliyo juu ya meza ya ofisi ya kamati mambo ni yayo hayo, ila msimamizi wa njia ni programu iitwayo mfumo endeshi.

Wengi hudhani kompyuta hufanya mambo mengi kwa pamoja. Kumbe prosesa hushika kazi moja, huiacha baada ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha hushika nyingine. Mashine za leo zina prosesa kadhaa, lakini kazi daima huzishinda kwa idadi. Fernando Corbató na wenzake walilionesha jambo hili katika chuo cha MIT, Marekani, Novemba 1961, mwezi mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru: watu kadhaa walitumia kompyuta moja, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Mama mwenye jiko moja, mtoto mgongoni na mgeni mlangoni asingestaajabu sana.

Lililotukaa moyoni ni jingine. Mfumo hupanga kazi kwa kipaumbele, na ya dharura hutangulia. Ni haki. Lakini dharura haziishi, na kazi ndogo iliyo mwisho wa foleni yaweza kungoja bila kikomo. Mafundi husema kazi hiyo inakufa njaa. Husimuliwa miongoni mwao kwamba kompyuta moja ya MIT ilipozimwa mwaka 1973, ilikutwa na kazi iliyoletwa mwaka 1967, haijaguswa. Huenda kisa kimetiwa chumvi. Dawa yake hata hivyo ni ya kweli na nyepesi: kadiri kazi inavyongoja, ndivyo mfumo unavyoipandisha daraja, hadi zamu yake ifike.

Tukafungua daftari la mihtasari. Mahali pa wanawake pa kutawadhia hapana paa wala mlango unaofunga, na anayeijua Njombe ya Juni na Julai anajua maji ya alfajiri yalivyo. Jambo hilo limo katika kikao baada ya kikao, chini ya "mengineyo". Hakuna aliyelikataa. Hutanguliwa na msiba, na ndoa, na posho za walimu wa madrasa, kisha magharibi huingia na kikao hufungwa kwa dua. Wenye haja nalo hawamo kikaoni. Wamo majumbani, wakitawadha kabla ya kuja, au wakiacha kuja.

Tulipendekeza kanuni: ajenda ikiahirishwa, kikao kifuatacho ipande, isipitwe ila na msiba. Mzee wetu mmoja aliuliza iwapo sasa kamati itaongozwa na mashine. Tulimjibu kwa heshima kwamba mashine nayo haikujipangia. Ilipangiwa na watu. Akacheka, akaunga mkono.

Katika kikao cha mwezi huu jambo hilo ni ajenda ya pili, na mjumbe aendaye Makambako ameagizwa bei za mabati na mbao.