Kumtafuta Dume Aliyekomaa Katika Pori la Ugenini

Pori ni kama nyumba ya watu: mgeni haingii tu akaanza kufunua vyungu. Nalisema hili nikiwa mtu wa Umatengoni, milimani Mbinga, ambako miteremko imelimwa ngoro au kupandwa kahawa, na mnyama mkubwa niliyemfahamu utotoni alikuwa ng'ombe. Pori la kweli nililikuta ukubwani, miaka mingi baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilipohamishiwa upande wa Namtumbo kuwa mwalimu mkuu. Wakati huo Namtumbo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Songea. Ilipewa wilaya yake mwaka 2002.

Katika miaka ya 1990 vijiji vilivyopakana na Pori la Akiba la Selous vilipewa mgawo wa wanyama. Mpango ulikuwa wa serikali yetu ikisaidiwa na Wajerumani. Kijiji kilitenga ardhi na kuchagua vijana wa kuilinda, nacho kikaruhusiwa kuwinda wanyama wachache kwa ajili ya kitoweo na mfuko wa maendeleo. Chuo cha kuwafundisha vijana hao kipo Likuyu Sekamaganga hadi leo. Mimi niliingizwa katika kamati ya maliasili ya kijiji kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka.

Sasa, ndugu msomaji, neno mgawo huwadanganya watu wakadhani ni hesabu tu. Karatasi ikisema palahala wawili, basi wawili wowote! Wapo waliotaka hivyo, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa kundi lilionekana karibu na barabara na nyama ilikuwa na wenyewe wanaoingoja. Lakini palahala jike huzaa ndama mmoja kwa uzazi, na hubeba mimba zaidi ya miezi minane. Ukimwangusha jike, umeangusha na ndama wa miaka ijayo. Dume kijana naye hajapata kuacha mbegu. Anayebaki ni dume aliyekomaa, na huyo hakai barabarani. Kamati ikakubaliana kwamba bunduki zingoje, kwanza watu waende wakatazame. Nami nikaenda na daftari langu.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Kindendeule, msasi wa siku nyingi. Nilidhani tutaanza kwa kutafuta wanyama. Yeye alianza kwa kutafuta maji.

"Mwalimu," aliniambia, "mnyama anahama, kisima hakihami."

Ilikuwa Oktoba, mwisho wa kiangazi. Vijito vingi vinavyoteremkia Mto Mbarang'andu vilikuwa vimebaki mchanga mtupu, na madimbwi yaliyosalia yalihesabika. Palahala hapendi kukaa mbali na maji, hivyo kila dimbwi lilikuwa kama kitabu cha mahudhurio. Tulizunguka ukingo mzima polepole, jua likiwa bado la ubavuni, maana wakati huo kivuli huingia ndani ya wayo na kuuonyesha vizuri. Mzee alinifundisha kutenganisha wayo wa jana na wa leo: wa leo kingo zake ni kali, wa jana umeshapitiwa na wadudu na upepo. Dume mzito, kwa ajili ya shingo yake nene, hukanyaga kwa nguvu zaidi miguu ya mbele.

Baada ya maji alitafuta chakula. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu, lakini yeye alitazama mahali palipoungua mapema, ambapo majani mabichi yalikuwa yamechipua juu ya majivu. Tatu alitafuta alama za mwenye mji. Dume wa palahala mwenye eneo lake huparua ardhi kwa kwato kabla ya kunya, na huvuruga vichaka kwa pembe hadi matawi yakavunjika. Tulipokuta miti midogo imevunjwa kwa kimo cha kifua, mzee aligusa utomvu kwa kidole. Ulikuwa bado unanata.

Siku ya pili nzima hatukuona mnyama hata mmoja. Mbung'o tuliwaona wengi kupita kiasi. Vijana wakanung'unika kwamba pori ni tupu. Mzee akawajibu kwamba pori si tupu, ila upepo ulikuwa mgongoni mwetu tangu asubuhi. Alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye majivu, akawa anakitikisa kila baada ya hatua kadhaa na kutazama vumbi linaelekea wapi. Siku ya tatu tulizunguka mbali sana, kiasi cha saa mbili za kutembea, ili tu tuingie bonde lile lile kutoka upande wa pili.

Ndipo tulipomwona. Majike na ndama walikuwa wa rangi ya kahawia, wakila pembezoni mwa bonde. Yeye alisimama kando, mweusi kama kaniki, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma hadi karibu na mabega. Kijana mmoja akanong'ona, "Huyo!" Mzee akatikisa kichwa.

"Huyu ana nyumba," alisema. "Tumtafute aliyekwisha kunyang'anywa nyumba."

Nimeishi na maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Dume mwenye eneo ndiye baba wa ndama wa mwaka ujao. Kumwondoa ni kuvuruga familia nzima. Lakini kuna dume mwingine, mzee zaidi, aliyeshindwa vita na kusukumwa nje, anayekaa peke yake karibu na maji. Huyo ndiye pori linaweza kumtoa bila kudhoofika. Tulimpata mbele zaidi, ncha za pembe zake zimechakaa. Nikaandika mahali, saa na upepo. Tandala naye ana hesabu yake: dume huhitaji takribani miaka sita kukamilisha mizunguko miwili na nusu ya pembe zake, hivyo mwenye subira huusoma umri kwa mbali.

Serikali nayo ilikuja kulitambua jambo hili kwa simba. Kanuni za uwindaji za mwaka 2010 ziliweka miaka sita kuwa umri wa chini wa simba dume anayeruhusiwa kuwindwa, kwa kuwa dume mpya anapotwaa kundi huua watoto wa aliyemtangulia.

Mimi sasa ni mstaafu, nimepita miaka sabini, na mtu ataniuliza kama hainichomi kusikia kwamba mzee aliyetoka katika eneo lake ndiye wa kutolewa. Hainichomi, maana naona tofauti moja. Palahala mzee hana la kumwachia kijana ila nafasi. Binadamu mzee ana la kumwachia, akiulizwa. Msasi yule hakujua kusoma, wala hakuna kitabu kilichoandika elimu yake. Alipofariki, sehemu kubwa alikwenda nayo kaburini. Nusu yangu ni kurasa chache za daftari.

Ardhi ile leo ni sehemu ya Jumuiya ya Mbarang'andu, katika ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Sehemu kubwa ya Selous yenyewe imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Mipaka na majina hubadilika, na sheria zipo, na anayewinda bila kibali anawaibia wenzake wote. Lakini sheria haikuonyeshi dume yupi ana nyumba. Hilo hufundishwa kwa miguu, na mtu anayejua. Kijana wa Namtumbo mwenye babu msasi asingoje matanga: amwombe amtembeze, naye abebe kalamu.