Nani Hamsikii Nani?

Siku hizi mzee akisema ameitwa kwenye mkutano, jirani hamwulizi tena atapanda basi gani. Humwuliza kama ana bando. Mimi niliyeanza kazi ya ualimu wakati barua ya wito ilipochukua wiki mbili kufika, nami nikakaa siku mbili barabarani kuuitikia wito wenyewe, sina ugomvi na mabadiliko haya. Magoti yangu yana umri wa miaka sabini na kitu, nayo yanaushukuru mkutano wa video kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini nimeona kwamba chombo hiki huharibika kwa hila. Hakizimiki kama taa. Hubaki kikiwaka, watu wakionana na kupungiana mikono, huku mmoja wao ametolewa nje ya mazungumzo bila yeye wala wenzake kujua.

Nilifundisha Fizikia katika chuo cha ualimu kabla sijawa mkuu wa chuo. Labda ndiyo sababu bodi ya shule moja ya sekondari, iliyonialika mwaka 2022, ilinikabidhi mimi pamoja na kijana wetu wa kompyuta kazi ya kuchunguza kwa nini vikao vyake vilikuwa vikikwama. Kila tuliyemwuliza alikuwa na jibu moja: mtandao. Zamani katika zahanati zetu kila homa iliitwa malaria, mpaka darubini ilipofika ikaonyesha kwamba nyingine ni kitu kingine kabisa. Neno mtandao limekuwa malaria ya maofisini. Anayelitamka huwa amemaliza uchunguzi kabla hajauanza.

Mimi niliwauliza jambo dogo tu: nani hamsikii nani? Niliwataka waniambie kwa majina. Je, wote hawamsikii mmoja, au mmoja hawasikii wote? Anasikika nusu, anasikika mara mbili, au anasikika amechelewa? Utashangaa, ndugu msomaji, jinsi watu wazima wenye shahada wanavyokosa subira ya kujibu swali la namna hiyo. Wanataka kitu kizimwe na kuwashwa.

Chukua mwangwi. Mjumbe mmoja, mama mwenye sauti ya kwaya, alilalamika kwa miezi kadhaa kwamba kila akisema neno linamrudia. Wenzake wakamshauri anunue simu mpya. Akanunua, na neno likaendelea kumrudia. Ukweli ni kwamba anayesikia mwangwi wake mwenyewe aghalabu si mwenye kosa. Sauti yake hufika salama kwa mwenzake, hutoka katika spika ya mwenzake, huingia katika maikrofoni ya huyo huyo mwenzake, kisha hurudishwa ilikotoka. Mwenye kosa hasikii lolote. Kwake yeye mkutano ni shwari. Basi tuliwaomba wajumbe wazime maikrofoni zao mmoja baada ya mwingine, mama yule akiendelea kuhesabu. Alipozima mjumbe wa nne, mwangwi ukakoma hapo hapo. Bwana huyo alikuwa ameunganisha kompyuta yake na spika kubwa za redio pale sebuleni, na kompyuta yenyewe ameiweka juu ya spika. (Programu za mikutano zina ujanja wa kufuta mwangwi, lakini ujanja huo nao una mipaka, hasa spika inaponguruma ubavuni mwa maikrofoni.) Alipovaa hedifoni mambo yakaisha. Ile simu mpya ya mama, bila shaka, haikurudishwa dukani.

Simu za mezani za shule, zile zinazopitia katika intaneti, zilikuwa na ugonjwa tofauti. Simu ilikuwa ikilia vizuri, mhasibu anaipokea, mzazi anamsikia mhasibu, lakini mhasibu hamsikii mzazi. Kwa hiyo mzazi alikuwa akieleza shida yake ya ada kwa unyenyekevu wote, naye mhasibu anarudia "hallo, hallo" kisha anakata. Wazazi wakaamini kwamba mhasibu anawadharau, na mmoja alifika shuleni kwa hasira kuja kumwambia hivyo usoni.

Wengi hawajui kwamba simu ya namna hii hutumia njia mbili. Ya kwanza hubeba wito: fulani anapiga, mlio utoke, fulani amepokea. Ya pili hubeba sauti yenyewe. Simu kulia, basi, si ushahidi kwamba sauti itapita. Simu zetu, katika kujitambulisha, zilikuwa zikitaja anwani yao ya ndani, ambayo nje ya geti la shule haina maana yoyote. Ni sawa na kumwambia mgeni anayetoka mbali, "Niko chumba namba saba," bila kumtajia nyumba wala mtaa. Kijana wetu aliuelekeza mtambo utaje anwani ya nje, akafungua mlango wa sauti katika rauta. Kazi ilimchukua dakika ishirini. Malalamiko yalikuwa na umri wa miezi minane.

Kukatikakatika kwa sauti kunajulikana na wote, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Sauti hukatwa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani vipande 50 katika sekunde moja, na kila kipande husafiri peke yake. Barua pepe ikipotelewa na kipande huomba kiletwe tena. Mazungumzo hayana nafasi hiyo, kwani silabi inayofika baada ya sentensi kwisha haimsaidii mtu. Basi kilichopotea huachwa kipotee. Kwetu vipande vilikuwa vikipotelea ndani ya jengo letu wenyewe: rauta ilikaa chumbani kwa mhasibu, nyuma ya kuta mbili za matofali na makabati ya chuma, ilhali mkutano ulifanyika ukumbini. Waya wa mita 30 ulifanya kazi ambayo bando kubwa lilishindwa kuifanya. Na mahali ambapo waya hauwezekani, heri kuzima kamera, maana picha ndiyo mlaji mkubwa.

Sisemi kwamba mtandao hauna kosa kamwe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Kesho yake kijana wetu aliniambia, "Mwalimu, leo hapana cha kugusa." Nilimsifu. Fundi mwingine angefungua kila kifuniko.

Kosa ninalolihofia kuliko yote ni lile ambalo sauti inafika nzima, safi, lakini imechelewa. Wazee wenzangu waliozungumza na jamaa zao wa ng'ambo kabla ya Julai 2009, waya wa kwanza wa Seacom ulipofika pwani yetu, watakumbuka hali hiyo, kwa kuwa simu nyingi zilipitia kwenye satelaiti. Unasema, unangoja, unadhani hukusikika, unasema tena, na maneno yenu yanagongana njiani. Hesabu yake ni nyepesi. Satelaiti ya aina ile iko juu ya ikweta kwa karibu kilomita 36,000. Neno lako linapanda na kushuka, kilomita 72,000 kwa uchache, kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde. Hiyo ni karibu robo sekunde. Jibu nalo lije kwa njia ile ile, robo nyingine. Ongeza muda ambao mashine hutumia kukata na kupanga vile vipande. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza kwamba kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 ili watu wazungumze kwa raha. Satelaiti ile imekwisha kuivuka hesabu hiyo kabla mashine hazijaanza kazi.

Mwaka 2023 tulikuwa na usaili wa mwalimu wa Hisabati. Jopo lilikaa Morogoro, na mmoja wa waombaji alikuwa binti aliyekuwa akijitolea katika shule ya misheni mkoani Rukwa, akitumia intaneti ya misheni, ya dishi. Picha yake ilikuwa nzuri. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Mwenyekiti alimwuliza swali la kwanza. Kimya. Mwenyekiti, akidhani binti amekwama, akalirudia swali kwa upole. Lakini binti alikuwa amekwisha kuanza kujibu, na marudio ya mwenyekiti yakamfikia katikati ya jibu. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, alisikia mzee anasema, akanyamaza. Tukaona binti ameanza, akakatisha, akatutazama. "Samahani waheshimiwa," akasema, "niendelee?" Wakati huo huo mjumbe mwingine alikuwa akimtia moyo: "Usiogope, binti." Akanyamaza tena.

Ikawa hivyo kwa dakika kumi. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikimponza. Mtu mjeuri angeendelea kusema tu. Mjumbe aliyeketi kushotoni kwangu aliandika kwenye fomu neno moja, "anasita", akampa alama 4 katika 10 kwa ufasaha.

Nilimwomba mwenyekiti ruhusa ya kufanya jaribio la nusu dakika. Nikamwambia binti, "Tuhesabu kwa kupokezana, mimi moja, wewe mbili, mpaka kumi, upesi upesi." Tulimaliza kwa sekunde kumi. Kisha nikahesabu na mjumbe wa kushotoni, ana kwa ana: sekunde tano. Hapo hapakuwa na Hisabati ya kusahau wala hofu ya kumfanya mtu asite. Ni kuhesabu mpaka kumi. Tukafunga mkutano wa video, tukampigia kwa simu ya kawaida ya mkononi, ambayo mnara wake kule uliweza kubeba sauti ingawa haukuweza kubeba picha. Tukaanza upya kwa maswali mengine. Alijibu bila kusita, na palipomfaa alimpinga mwenyekiti kwa hoja. Mjumbe wangu wa kushotoni alifuta 4, akaandika 8, ingawa alininong'oneza kwamba yeye bado anaamini anayejua hujibu papo hapo.

Tangu hapo kila usaili wa mbali hutanguliwa na kuhesabu mpaka kumi, na ikizidi sekunde saba tunahamia simu ya kawaida. Siku hizi zipo satelaiti zinazozunguka chini zaidi, kiasi cha kilomita 550, ambazo hazina ugonjwa huu kwa kiwango kile. Lakini madishi ya zamani bado yako juu ya mapaa mengi ya vijijini.

Jioni ile sikulala mapema. Usaili kwa video ulianza shuleni mwaka 2020, na mimi niliingia katika bodi miaka miwili baadaye. Kesho yake nilimwomba katibu anitolee mafaili ya waombaji wote waliosailiwa kwa njia hiyo kabla yangu. Nilitafuta neno moja tu. Nilikuta "anasita" katika faili moja, "anajibu taratibu mno" katika la pili, na "hana uhakika" katika la tatu. Wote watatu walisailiwa wakiwa mbali, na wawili kati yao walikuwa wameeleza katika barua zao kwamba wangetumia intaneti ya dishi. Nililipeleka jambo hilo kwenye bodi. Wapo waliosema kwamba mambo yale yamekwisha kupita, na kwamba shule haiwezi kufufua kila faili. Hata hivyo katibu aliruhusiwa kupiga simu tatu. Wawili walikuwa wameajiriwa kwingine, mmoja wao akiwa sasa makamu mkuu wa shule. Wa tatu, mwalimu wa Kemia, alikuwa kwao akilima na kufundisha masomo ya jioni, na nafasi ya Kemia ilikuwa wazi tangu Januari. Alipoulizwa kama angependa kusailiwa tena, alitaka kwanza kujua kama itakuwa kwa video. Katibu akamwambia aje mwenyewe, nauli itatoka shuleni.